Mkanda wa Saa ya Marko

Yahaya bin Shumbana alizaliwa Dongobesh, akatahiriwa Dongobesh, akaoa Dongobesh, na bado watu walimwita Mnyamwezi. Baba yake, mzee Shumbana, alifika huko enzi za Wajerumani akiwa mshona matandiko ya farasi na punda. Vita vya kwanza vilipowatimua mabwana zake, wakamwacha na sindano zake, msharasi mmoja wa kutobolea ngozi, na maneno mawili matatu ya Kijerumani ambayo hakuwa tena na wa kumwambia. Akabaki. Akamfundisha mwanawe kazi. Alipofariki akazikwa kwenye makaburi ya Waislamu nyuma ya maduka, na siku hiyohiyo, udongo haujakauka, Yahaya alisikia mtu akinong'ona: "Wageni hawa, hata wafu wao wanatumalizia ardhi."

Neno lile lilimwingia na halikutoka. Tangu hapo alikuwa na shauku moja tu: apate kiwanja chake, chenye jina lake kwenye karatasi ya serikali, asiwepo tena mtu wa kumwuliza ametoka wapi. Dongobesh viwanja vilikuwa vimekwisha. Katesh, chini ya mlima Hanang, serikali ilikuwa inapima vipya. Aliandika barua ya kwanza mwaka 1941, ya pili mwaka 1943. Majibu yalikuwa yaleyale: ombi lako limepokelewa, ngoja.

Akangoja huku akishona. Viatu vya askari, mikanda ya matarishi, tandiko la punda wa padri, mifuko ya wachuuzi. Kazi yake ilijulikana hadi Tumati na Masieda. Alishona kwa sindano mbili, moja ikitokea kulia na nyingine kushoto, zikipishana katika tundu lilelile. Mwisho wa mshono alirudi nyuma matundu matatu, kisha akafunga uzi kwa alama ndogo kama mkasi uliofunguliwa. Uzi wa namna hiyo ukikatika mahali pamoja, kwingine haufumuki. Watu waliuita mshono wa Shumbana.

Masika ya mwaka 1946, asubuhi moja ya matope, aliingia dukani mzee wa Kibarbaig aliyejifunga shuka jeusi, fimbo mkononi, kibuyu cha samli begani. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka upande wa Basotu.

"Shikamoo, mzee," alisema Yahaya akiinuka kwenye kigoda.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa ngozi?"

"Ndiye mimi."

Mzee aliketi, akafungua fundo kwenye pindo la shuka, akatoa saa ya mkono. Ilikuwa saa ya jeshi, uso mweusi, tarakimu nyeupe, haina mkanda. Akaiweka juu ya ubao wa kazi taratibu, kama mtu anayelaza kifaranga.

"Naitwa Gidabuday," alisema. "Hii ni ya mwanangu. Padri alimwita Marko. Alichukuliwa vitani, akafia huko Burma. Nicodemo wa Tumati, aliyekuwa pamoja naye, ndiye aliyeniletea. Mwili haukuja. Hii ndiyo iliyokuja."

Yahaya aliipeleka saa sikioni. Ilikuwa inatembea.

"Unajua kuisoma, mzee?"

"Sijui. Naisikiliza."

Kisha mzee akatoa kipande cha ngozi ya ng'ombe kilichokunjwa, kikavu kama ubao. Akaeleza kwamba Marko alipoota meno alimpa ndama jike, kama ilivyo desturi ya kwao. Ndama akakua, akazaa, na uzao ukazaa. Ng'ombe mwenye ngozi hii alikuwa wa ukoo huo, na ukame wa mwaka uliopita ndio uliomuua. "Nataka saa ikae kwenye ngozi ya ng'ombe wake," alisema. "Mahali pengine isikae."

Yahaya naye alikuwa na kaburi la mtoto. Sauda mkewe alijifungua mapacha wa kike, Kulwa na Doto, na Kulwa hakufikisha mwaka. Kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alimwambia mzee kazi hiyo ingechukua siku kumi na moja, maana ngozi ilikuwa imekaushwa tu, haijatengenezwa. Mzee akasema atangoja. Akapewa chumba cha nyuma, penye magunia, akalala humo siku zote hizo.

Yahaya aliiloweka ngozi, akaikwangua manyoya na mafuta, akaitia katika mtungi wa maji ya magome ya mgunga, akawa anaigeuza asubuhi na jioni mpaka ikashika rangi ya kahawia hadi ndani. Ilipokauka kivulini aliipaka samli ya mzee mwenyewe, akaifinyanga kwa viganja mpaka ikawa laini kama sikio la mbuzi. Alichagua sehemu ya mgongoni, ambako ngozi haivutiki, akakata vipande viwili vyembamba, kimoja kifupi cha bizimu, kingine kirefu cha matundu. Kila kimoja alikikunja mara mbili ili kiwe na moyo. Bizimu, kile chuma cha kufungia, aliitoa kwenye mkanda wa shanta la askari uliochakaa.

Hapo ndipo alipokuta ugumu. Vile vyuma viwili vya kupitishia mkanda vilikuwa vimechomelewa kwenye saa, havitoki. Ilibidi ngozi ipitishwe kwanza kwenye chuma, ikunjwe, kisha ishonwe pale pale saa ikiwa mkononi mwa fundi. Alishona kwa uzi wa katani uliopakwa nta, kila tundu likiwa dogo kuliko punje ya ulezi, akiziba pumzi asije akauchomeka msharasi kwenye kioo. Alimaliza siku nzima kwa kazi ambayo haikuzidi urefu wa shubiri moja. Kingo alizisugua kwa mfupa na nta mpaka zikang'aa. Mwisho wa mshono akaweka mkasi wake mdogo.

Sauda alikuwa pale akichemsha chai wakati Gidabuday alipovishwa saa. Mzee aliutazama mkono wake muda mrefu. Hakulia. Alimshika Yahaya kichwani, jinsi wazee wa kwao wanavyombariki mtu, akasema, "Mwanangu, umefanya vizuri." Akamwachia kibuyu chote cha samli, akashika njia.

"Amekuita mwanangu," alisema Sauda.

"Nimesikia," alijibu Yahaya, akajifanya anatafuta sindano iliyoanguka.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, mpima ardhi mmoja wa kizungu alipiga kambi karibu na ziwa Basotu. Akaibiwa, au alisema ameibiwa: bunduki hapana, fedha hapana, ila blanketi mbili na saa ya mkono. Wiki tatu baadaye, kwenye mnada wa ng'ombe Katesh, askari walimwona mzee wa Kibarbaig amevaa saa nyeusi ya jeshi. Hawakuuliza swali la pili. Mbarbaig na saa vilikutana wapi?

Gidabuday aliwaambia mambo yote kama yalivyo. Nicodemo aliyeileta, wakamtafuta Tumati, wakaambiwa alikwenda kwenye mashamba ya katani Tanga na hakuna anayejua shamba gani. Karatasi ya jeshi haikuwepo. Akabaki na neno moja: "Muulizeni fundi wa Dongobesh. Alishona mkanda huu mwaka jana, kabla mzungu huyu hajafika nchi hii."

Aliyeleta habari kwa Yahaya ni Gervasi, karani wa bomani, mtu mwenye kalamu mbili mfukoni, ambaye viatu vyake Yahaya alivitengeneza kila mwaka. Aliingia, akafunga mlango, akaketi bila kukaribishwa.

"Nimekuja kama ndugu, Bwana Yahaya. Alhamisi utaitwa shaurini. Wataonyesha mkanda wa saa na kukuuliza kama ni kazi yako."

"Ni kazi yangu. Niliishona hapa hapa."

"Polepole. Fikiri. Mzungu ameiangalia saa akasema ni yake. Ukisema uliishona, maana yake saa ya wizi ilipita mikononi mwako. Mwizi na mpokeaji wako mlango mmoja wa jela."

"Lakini niliishona masika iliyopita! Huyo mzungu hakuwepo."

"Hayo unasema wewe. Umeandika mahali?" Gervasi aligusa kalamu zake mfukoni. "Na kuna lile jambo la Katesh. Orodha ya viwanja imerudi. Jina lako limo, nimeliona kwa macho yangu, linangoja sahihi. Unataka bwana mkubwa akisoma Yahaya bin Shumbana akumbuke kiwanja, au akumbuke kesi ya wizi? Mwenye nguvu mpishe, ndugu yangu. Yule mzee watamfunga miezi michache, atarudi kwa ng'ombe wake."

Alipoondoka, Sauda alitoka chumba cha nyuma. Alikuwa amesikia yote.

"Baba Doto, si uliishona mbele yangu, mimi nachemsha chai?"

"Nyamaza."

"Nikanyamaze wapi? Mzee wa watu amelala katika nyumba hii siku kumi na moja. Basi niiteni mimi, nitasema."

"Nani kakuita wewe?" alifoka Yahaya. Hakuwa na desturi ya kumfokea. "Tumeishi hapa kama wapangaji tangu baba. Unataka tufie hivyo?"

Sauda alimtazama, akarudi jikoni.

Alhamisi Yahaya alivaa kanzu safi. Njia nzima alikuwa hajaamua, au alijiambia hajaamua. Alipoingia shaurini alimwona Gidabuday amesimama na pingu, amekonda, shuka lake limechukuliwa amepewa kaptula. Mzee alipomwona uso ulimfunguka kama mtu aliyeona mtu wa kwao ugenini.

Hakimu wa kizungu aliisukuma saa mezani. Kwenye kiuno chake alikuwa na mkanda ambao Yahaya mwenyewe aliutengeneza, wenye mshono uleule na mkasi uleule mwishoni. Lakini nani huangalia mshono wa mkanda wake?

"Ulishona wewe hii?" aliuliza mkalimani.

Yahaya aliichukua. Ngozi ilikuwa imeanza kushika jasho la mkono wa mzee, imelainika, imekuwa nyeusi kidogo pale bizimu inapobana. Kazi nzuri. Pengine nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Akairudisha mezani.

"Hapana, bwana. Si kazi yangu."

"Unamjua mshtakiwa?"

"Watu wengi hupita dukani, bwana. Siwezi kuwajua wote."

Gidabuday alisema neno kwa Kidatoga, lugha ya kwao, si kwa sauti kubwa. Hakimu akauliza amesema nini. Mkalimani alisita, akajibu kwamba mshtakiwa hana la kuongeza.

Alifungwa mwaka mmoja na kazi ngumu. Kisha mpima ardhi akaidai saa yake, akakunja pua. Ngozi inanuka samli, alisema, iondolewe. Askari alijaribu kuuvuta mkanda ukakataa kutoka, kwa sababu ya vile vyuma vilivyochomelewa. Akatoa kisu. Mshono wa Shumbana ulimtoa jasho. Ilibidi akate ngozi yenyewe, kwa kukereza, upande huu na upande ule, na vipande viwili vikaanguka sakafuni. Gidabuday aliinama na pingu zake aviokote. Akasukumwa nje.

Yahaya alikuwa hatua tatu tu kutoka vilipoangukia. Watu walikuwa wanatazama. Akatoka na wengine. Nje, chini ya mti wa mwangati, alimkuta mkalimani anawasha sigara, akamwuliza yule mzee alisema nini hasa.

"Wewe kinakuhusu nini?" alisema mkalimani. Kisha akamwambia. "Alisema, muulizeni fundi huyu kama ni mgonjwa."

Yahaya alirudi ndani mbio. Mfagizi alikuwa amekwisha kupita. Alimwuliza viko wapi vipande vya ngozi, mfagizi akamwonyesha kwa kidevu pipa la takataka lililokuwa linawaka nyuma ya jiko. Ngozi ikiungua ina harufu yake, na fundi wa ngozi hawezi kuikosea.

Kiwanja alikipata mwezi wa sita. Karatasi ilikuwa na muhuri na jina lake, herufi zote sawasawa. Alijenga Katesh nyumba ya tofali mbichi na bati, duka mbele, chumba na ua nyuma. Sauda alihama naye, akapika, akafua, akapokea wageni. Ila jina la Baba Doto halikumtoka tena kinywani. Akitaka kumwita, alikuja mpaka aliposimama, akasema, "Chakula tayari."

Mwezi wa kumi na moja Gervasi alipita dukani kuchukua viatu vyake. Akacheka kidogo kama mtu anayesimulia kituko.

"Unamkumbuka yule mzee wa saa? Ameachiliwa. Mpima ardhi aliikuta saa yake kwenye gunia la vigingi vya hema. Imekaa humo muda wote!"

"Na ile nyingine?"

"Ipi?"

"Ile ya mzee."

Gervasi alifikiri. "Nadhani alimpa mpishi wake, kabla hajaenda likizo Ulaya. Nani atafuatilia saa?" Akajaribu kiatu, akakanyaga mara mbili. "Kazi safi, kama kawaida yako."

Yahaya alikaa na habari hiyo wiki mbili. Hakuwa amejifunza jambo jipya, kwa kuwa yeye alijua tangu mwanzo. Lakini sasa kila mtu alijua, na lile pazia jembamba alilojificha nyuma yake, la kwamba pengine mambo yalikuwa na upande mwingine, lilikuwa limeanguka. Jumatatu moja alifunga duka, akachukua kondoo wawili, akaenda Basotu kwa miguu. Sauda hakumwuliza anakwenda wapi. Alimfungia mkate wa mahindi wa njiani, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi.

Alimkuta Gidabuday ameketi nje ya boma lake la miiba, akichonga mpini wa shoka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimepinda. Jiwe liliviangukia wakati wa kuvunja kokoto za barabara. Mama yake Marko hakuonekana. Alikuwa amefariki mwezi wa nane, mumewe akiwa gerezani, akazikwa na majirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, fundi."

Aliletewa maziwa. Akayanywa, maana kuyakataa ni tusi.

"Mzee, nilisema uongo mbele ya hakimu."

"Najua. Nilikuwepo."

"Nimekuja kuomba radhi. Hawa kondoo ni mwanzo tu. Niambie mila yenu inataka nini, nitatoa."

Gidabuday alipuliza vumbi la mti kwenye mpini, akaukagua kwa jicho moja.

"Mila yetu ni ya watu wenye ugomvi. Ndugu akimkosea ndugu, wazee wanakaa, mnyama anachinjwa, wanakula pamoja, yanakwisha. Mimi na wewe tukae kwa jambo gani? Wewe ni fundi. Nilileta kazi, ukaifanya vizuri, nikakupa samli. Tulimalizana siku ile."

"Mzee, nichape, nitukane, lakini usiseme hivyo."

"Sikutukani. Sina neno na wewe." Alisema bila ukali, na hapo ndipo Yahaya alipoelewa kwamba hakuna mlango. "Rudi mapema na kondoo wako. Huko bondeni kuna fisi."

Akarudi nao. Mmoja alimfia njiani.

Baada ya hapo Wabarbaig wa mbugani hawakukanyaga tena dukani kwake. Hakuna aliyewakataza, na hakuna aliyemtupia neno baya. Siku za mnada walipita mbele ya mlango wake na ngozi zao mabegani, wakaenda kwa fundi mmoja kutoka Kondoa aliyeshona kwa sindano moja, ovyo, mishono imepinda kama njia ya panya. Yahaya alikaa mlangoni akiwaangalia. Aliendelea na kazi za serikali, mikanda na mifuko ya risasi, na saa za mkono alikataa. Mhindi mmoja alimletea ya dhahabu mwaka 1952. Akamwambia macho yamepungua. Macho yake yalikuwa mazima.

Doto alipojifungua mtoto wa tatu huko Singida, Sauda alikwenda kumsaidia. Alisema miezi miwili. Ikawa mwaka, ikawa miaka mitano. Alituma salamu kwa kila msafiri, za adabu, wala hakusahau kuuliza kikohozi kilichokuwa kimeanza kumsumbua mumewe kinaendeleaje. Yahaya alijifunza kupika ugali wake mwenyewe, uliokuwa na madonge hadi mwisho.

Kikohozi ndicho kilichomchukua, mwezi wa saba mwaka 1958, upepo wa baridi wa Hanang ukivuma. Sauda aliwahi, kwa lori la mahindi, akafika asubuhi ya maziko. Wanaume wa Katesh walijaa uani. Jeneza lilipowekwa mbele, sheikh mzee Hatibu aliwageukia, akauliza kama inavyoulizwa kwa kila maiti:

"Ndugu zangu, marehemu huyu mlimjuaje?"

"Mtu mwema!" waliitikia kwa pamoja.

Akauliza mara ya pili, wakaitikia vilevile. Akauliza mara ya tatu.

Ndani, Sauda alikuwa ameketi na wanawake wenzake, ungo wa mchele mapajani. Jirani aliyekuwa karibu naye alimgusa bega, akamwambia kwa machozi, "Unawasikia, dada? Wanamshuhudia mumeo."

"Nawasikia," alisema Sauda, akaendelea kuchambua mawe.